Homoni Haisikii Amri: hotuba kuhusu mawazo, homoni na kinga ya mwili

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi mchana katika ukumbi wa parokia hapa Goma, mbele ya wareko (wahudumu wa afya wa jamii), wauguzi, wamama wa likelemba (kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu) na wamotari (madereva wa pikipiki za abiria) waliokuja baada ya salongo, ile kazi ya pamoja ya mtaa. Wengi mlituma ujumbe kwamba hamkuweza kufika, basi nimeyaandika jinsi yalivyotoka mdomoni. Michoro ya ukutani nimeiacha. Umeme wenyewe ulikatika katikati ya hotuba na hakuna aliyeilalamikia.

Jambo yenu wote! Shefu wa kartie, yaani wa mtaa, wamama, wababa, vijana wa mota mliokosa wateja wa mchana ili mje hapa: karibuni, na asanteni.

Niwaulize kwanza. Nani hapa hajawahi kuambiwa "acha mawazo"? Anyooshe mkono. Naona mkono mmoja, na huyo ni mtoto anayenyonya, mama yake ndiye aliyeuinua. Basi sisi wengine wote tumeambiwa. Umefiwa: acha mawazo. Mume amekwenda Walikale kuchimba na simu haipatikani: acha mawazo. Umefika kituo cha afya, tansio, yaani shinikizo la damu, iko 17 kwa 10, muuguzi anakuandikia dawa halafu anamalizia, "Mama, na mawazo uache." Wauguzi tuko wengi hapa ndani. Msiangalie chini.

Mimi mwenyewe ni muuguzi, na leo nataka kuwaonyesha kwa nini maneno hayo hayamsaidii mtu. Mawazo tunayoyasema hayakai kichwani peke yake. Yana njia yake mwilini. Yana tezi zake, yana homoni zake, yanafika kwenye damu, yanafika kwenye kidonda cha mguu, yanafika kwenye tumbo la uzazi. Na homoni haisikii amri. Huwezi kuiambia "acha" ikaacha. Inaacha kwa sababu moja tu, mwili ukishaamini kwamba hatari imeisha.

Tuanze na usiku ambao kila mtu wa Goma anaukumbuka. Jumamosi, 22 Mei 2021, giza linaingia, mbingu inakuwa nyekundu. Nyiragongo. Wazee waliuona moto huo mwaka 1977, wengi wetu tuliuona mwaka 2002, na ninyi vijana mkauona kwa zamu yenu. Mama mmoja wa Majengo alinisimulia: mtoto mgongoni, cherehani kichwani, akashika barabara ya kwenda mji wa Sake. Cherehani ya chuma, ndugu zangu! Ile ambayo siku za kawaida anamwita kijana amsaidie kuisogeza kutoka dirishani hadi mlangoni. Alitembea usiku kucha. Kulipokucha ndipo alipoona unyayo wake umepasuka na damu imekauka kwenye sandali. Hakuwa amesikia maumivu yoyote. Sasa niambieni, nguvu ile ilitoka wapi? Na maumivu yalikwenda wapi?

Juu ya kila figo una tezi ndogo. Jicho likiona moto, ubongo haungoji wewe uamue. Unapitisha habari kwenye mishipa ya fahamu hadi kwenye tezi hizo, na kabla hujamaliza kusema "Yesu!" adrenalini imeshaingia katika damu. Moyo unadunda. Njia za hewa mapafuni zinapanuka. Ini linatoa sukari lililoiweka akiba. Damu inaondoka tumboni inakwenda kwenye misuli, ndiyo maana mdomo unakauka na hata ukiletewa bugali na sambaza huwezi kumeza. Damu yenyewe inakuwa tayari kuganda upesi, ukiumia. Mmarekani Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard aliyaeleza haya mwaka 1915: mwili unajiandaa kupigana au kukimbia. Sisi tulikimbia, kwa sababu lava haipigiki.

Na kinga ya mwili je? Watu husema msongo unashusha kinga, wanaishia hapo. Hapana. Katika dakika zile za kwanza kinga inapanda. Seli za kinga zilizokuwa zimetulia kwenye wengu na kwenye kuta za mishipa zinaingia katika damu kwa wingi, kisha zinaelekea mahali ambapo kidonda kinaweza kutokea, na ngozi ni ya kwanza. Mtu anayekimbia ataanguka, atakwaruzwa, atakanyaga kioo. Mwili unalijua hilo kabla hajaanguka.

Kwa hiyo msongo wenyewe si ugonjwa. Msongo ndio uliotufikisha Sake. Msongo ndio uliowavusha wengine mpaka hadi Gisenyi, Rwanda. Ni kazi ya mwili, tena kazi nzuri. Lakini iliumbwa kwa hatari inayoisha. Nitalirudia hilo hadi mchoke: kwa hatari inayoisha.

Adrenalini haikai, dakika chache inavunjwavunjwa. Hatari ikiendelea inakuja homoni ya pili, ya polepole, nayo inaitwa kortisoli. Sehemu ya ubongo inayoitwa haipothalamasi inatoa homoni yake na kuipelekea tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo. Pituitari inatoa yake, inasafiri kwa damu hadi kwenye zile tezi za juu ya figo, na hapo kortisoli inatoka. Ndani ya nusu saa hivi imefika kileleni. Msiogope jina. Kila mmoja wetu anayo, hata asiye na shida, kama yuko mtu wa namna hiyo katika mji huu. Inapanda alfajiri na kutusaidia kuamka. Inashuka hadi chini kabisa karibu na usiku wa manane. Na ikishakuwa ya kutosha, yenyewe inarudi kwenye ubongo na kuuambia: basi, imetosha. Ubongo unafunga.

Kortisoli inafanya nini kwa kinga? Inaituliza. Kinga ikipigana inaleta joto, wekundu, uvimbe, maumivu, na ikiachwa bila kuzuiwa inaanza kumla mwenye mwili. Mwaka 1948, katika kliniki ya Mayo huko Minnesota, Marekani, daktari Philip Hench alimpa mwanamke mwenye ugonjwa mkali wa viungo dawa mpya ya jamii hii, kotisoni. Mwanamke huyo alikuwa hatembei isipokuwa kwa mateso. Siku chache tu, akainuka, akaenda zake madukani. Mwaka 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein wakapewa tuzo ya Nobel. Baadaye ndipo upande wa pili ulipoonekana vizuri kwa waliotumia sana: uso unavimba, mifupa inadhoofika, sukari inapanda, vidonda havifungi, maambukizi yanaingia bila kubisha hodi.

Na hapa, wadada, msinikasirikie. Deksa mnayonunua ili mnenepe ni dawa ya jamii hiyohiyo.

Mnacheka. Mnacheka kwa sababu mnajua. Deksamethasoni ni kortisoli iliyotengenezwa kiwandani na kuongezewa nguvu zaidi ya mara 20. Ni dawa kubwa, siidharau. Mwaka 2020 utafiti wa Uingereza ulionyesha kwamba inapunguza vifo kwa wagonjwa wa Covid-19 waliofikia kuwekewa oksijeni, kwa sababu kwao kinga yenyewe ndiyo ilikuwa ikiharibu mapafu. Hayo ni maamuzi ya daktari, mbele ya mgonjwa. Lakini wewe unaimeza kwa sababu harusi ni Agosti na unataka gauni likujae.

Tulimpokea binti mmoja wa namna hiyo. Mashavu yamejaa, tumbo limejaa, mikono na miguu imebaki myembamba. Kwenye paja alikuwa na jipu kubwa kuliko ngumi, na hakuwa na homa hata kidogo. Hilo ndilo lililotutisha. Jipu la ukubwa ule bila homa! Kinga iliyopaswa kupiga kelele ilikuwa imenyamazishwa. Na alipoambiwa ni zile tembe, kitu cha kwanza alichotaka ni kuzitupa siku ileile. Hapana, hapana, hapana. Ukiitumia kwa muda, ubongo unaona kortisoli iko tele, unaziacha tezi zako zilale. Ukiacha ghafla, huna ya kutoka nje na huna ya kwako. Tansio inaanguka, mtu anazimia, na anaweza kufa. Inapunguzwa polepole, na muuguzi au daktari akiwa anakufuatilia.

Nimekaa sana kwenye deksa kwa makusudi. Binti yule anatuonyesha kwa macho kile ambacho kortisoli nyingi ya muda mrefu inaweza kukifanya. Sasa tuulize: na mtu ambaye hakununua tembe yoyote, lakini hatari yake haiishi?

Mwaka ule wa 2021 lava ilisimama. Lakini ardhi ilisimama? Haikusimama. Ilitetemeka siku baada ya siku, na Alhamisi 27 Mei tukaamriwa kuhama. Mwili unauliza: imeisha? Haijaisha. Tukarudi, vita vikasogea, kambi zikajaa. Imeisha? Haijaisha. Mwisho wa Januari 2025 risasi zikafika ndani ya kartie zetu. Kisha benki zikafungwa, pesa zikaadimika, na mwalimu wa shule akauliza ada palepale. Imeisha? Wangapi hapa bado wanalala na viatu karibu na mlango? Sihitaji mikono.

Nyumba yenye mgonjwa hospitalini mnaijua. Pesa yote inakwenda kwa mgonjwa. Bati linalovuja litangoja, sare ya mtoto itangoja, mlango uliolegea utangoja. Kwa wiki moja hakuna shida, huo ndio utaratibu mzuri. Lakini mgonjwa akikaa hospitalini mwaka mzima, nyumba inaanguka, na hakuna mtu aliyefanya jambo la kipumbavu. Ndivyo mwili unavyofanya. Mbele ya hatari unaahirisha matengenezo: kufunga vidonda, kuzalisha seli mpya za kinga, uzazi, kumeng'enya chakula. Unasema, tutafanya ikiisha.

Wa kwanza kuliona vizuri alikuwa Hans Selye, huko Montreal, Kanada. Mwaka 1936 alichapisha barua fupi ya kisayansi kuhusu panya. Aliwaweka kwenye baridi kali, wengine aliwachosha, wengine aliwadunga vitu vyenye sumu kidogo. Shida mbalimbali, lakini alipowapasua alikuta mambo yaleyale: tezi za juu ya figo zimekuwa kubwa, thaimasi, yaani tezi ya kifuani inayokomaza seli za kinga, imesinyaa, na tumbo lina vidonda.

Mtasema, hao ni panya. Sawa. Nchini Uingereza, mjini Salisbury, kulikuwa na kituo cha kuchunguza mafua. Watu 394 wenye afya, waliojitolea wenyewe, waliulizwa kwanza kuhusu msongo katika maisha yao. Kisha wakatiwa matone yenye virusi puani, wakatengwa, wakaangaliwa. Sheldon Cohen na wenzake walichapisha matokeo mwaka 1991. Kati ya wale wenye msongo mdogo kabisa, karibu 27 kwa kila 100 waliugua mafua. Kati ya wale wenye msongo mkubwa kabisa, karibu 47. Virusi ni vilevile. Matone ni yaleyale. Pua ni pua. Baadaye Cohen alionyesha kwamba shida iliyodumu mwezi mmoja au zaidi ndiyo iliyoongeza hatari, hasa kukosa kazi na ugomvi wa nyumbani. Wale wa shida iliyodumu chini ya mwezi hawakutofautiana sana na wengine. Mnaona? Hatari inayoisha, na hatari isiyoisha.

Utafiti ninaoupenda zaidi ni mwingine, kwa sababu unahusu kidonda, na kidonda ndicho kazi yangu ya kila siku. Janice Kiecolt-Glaser na mume wake Ronald Glaser, wa chuo kikuu cha jimbo la Ohio, Marekani, waliwatafuta wanawake 13 waliokuwa wakimtunza nyumbani ndugu aliyepoteza akili kwa uzee. Mnawajua hao, wako pia kwetu: anamwosha mama mkwe, anamlisha, usiku anaamka kumfuata asitoke nje. Wakatafuta wanawake wengine 13 wa umri na kipato sawa, wasio na mzigo huo. Kila mmoja alitobolewa kidonda kidogo cha milimita 3.5 mkononi. Wale wanaotunza mgonjwa, kidonda chao kilichelewa kupona kwa siku 9 hivi. Siku tisa, kwa kidonda cha ukubwa wa punje ya mchele! Hiyo ni 1995. Mwaka 1998 walirudia kwa wanafunzi wa udaktari wa meno, kidonda kidogo ndani ya kinywa: mara ya kwanza wakiwa likizoni, mara ya pili siku chache kabla ya mtihani. Wakati wa mtihani kilipona polepole zaidi kwa asilimia 40. Mtihani tu. Hakuna risasi, hakuna volkano. Wazazi wenye watoto wa Exetat, ule mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, mfikirie hilo kabla ya kumpigia mtoto kelele.

Basi mama akija kwako na kidonda cha mguu kisichofunga, wewe muuguzi badili bendeji, pima sukari, halafu umuulize: unalala? Nani anakusaidia nyumbani? Hayo pia ni matibabu ya kidonda.

Mambo mengine nitayapita haraka. Virusi vilivyolala mwilini huamka kinga ikilegea, ndiyo maana malengelenge ya mdomo hutokea wakati wa shida, na mkanda wa jeshi vilevile. Chanjo nayo inaweza kushika kwa udhaifu zaidi, lakini inashika, msije mkasema nimewakataza. Na kortisoli ikiwa juu muda mrefu, seli za kinga zinaanza kutoisikiliza. Hapo unapata mabaya mawili kwa pamoja: kinga dhaifu mbele ya virusi, na moto mdogo wa kinga usiozimika ndani ya mishipa, unaosukuma tansio, sukari na magonjwa ya moyo.

Wamama, sasa ninyi. Swali ninaloulizwa kwa sauti ya chini kila mara tunapopokea watu waliohama: "Sijaona mwezi, na sina mimba. Nimerogwa?" Hukurogwa. Haipothalamasi, ileile ya kortisoli, ndiyo pia inayoongoza hedhi. Ikiona hatari na njaa inasema, huu si wakati wa kuzaa, inashusha homoni za uzazi. Hali ikitulia na chakula kikirudi, mara nyingi hedhi nayo inarudi. Lakini pima mimba kwanza, tafadhali. Ikikaa miezi mitatu, njoo.

Swali la pili ni la maziwa: "Hofu imeyaharibu maziwa yangu." Hapana, mama. Maziwa hayaharibiki kwa hofu. Yako mle ndani, yanakawia kutoka. Homoni inayoyasukuma nje, oksitosini, huzuiwa na hofu. Mtoto akivuta hapati upesi, analia, mama anaogopa zaidi, na jirani anakuja na kopo la maziwa ya unga lililochanganywa na maji ambayo hakuna ajuaye yametoka wapi. Hapo ndipo mtoto anapopata kuhara. Fanya hivi: mtu mmoja akusogezee mgongo wake uegemee, mtoto awe ngozi kwa ngozi kifuani, mnyonyeshe mara kwa mara, usimwachishe. Maziwa yatatoka.

Kuna jambo moja ambalo watu wa Goma wanapaswa kulijua, kwa kuwa lilichunguzwa kwetu. Mwaka 2012 Connie Mulligan wa Chuo Kikuu cha Florida na wenzake walichapisha utafiti walioufanya hapa hapa, katika hospitali ya HEAL Africa: mama 25 na watoto wao wachanga. Waliwauliza mama kuhusu vita, kuhusu ukatili, kuhusu mahangaiko ya kila siku. Kisha wakachukua damu na kuangalia jeni moja, ile inayotoa maelekezo ya kutengeneza kipokezi cha kortisoli, yaani pale ambapo homoni hiyo inashika kwenye seli. Jeni lenyewe halikubadilika. Lakini juu yake huwekwa alama ndogo za kemikali, zinazoamua litumike kiasi gani. Mama aliyepitia msongo mkubwa, mtoto wake alikuwa na alama hizo kwa wingi zaidi, na uzito wa kuzaliwa ulikuwa mdogo.

Najua kuna bibi hapa anawaza, basi ni laana ya ukoo. Bibi, la. Mama 25 ni wachache, na alama ya namna hiyo haimwandikii mtoto maisha yake yote. Mimi ninachokiona hapo ni kwamba kumlinda mwanamke mwenye mimba asipigiwe kelele, asibebeshwe makumi ya lita za maji kutoka ziwani, asilale njaa, ni kazi ya afya kama ilivyo chanjo. Wababa, hapa ninawaangalia ninyi, na ninaangalia kwa muda mrefu.

Sasa nigeuze upande, maana nikiwaacha hivi mtatoka hapa mkisema kila ugonjwa ni mawazo. Hilo linaua watu. Kuna motari mmoja aliyekonda, anatoka jasho usiku, anakohoa. Kila mtu, na hata muuguzi wa kwanza aliyemwona, alimwambia ni mawazo ya mkopo wa mota. Mkopo ulikuwepo kweli. Lakini alikuwa na kifua kikuu, na kipimo chake ni bure, na dawa zake ni bure. Alipoteza miezi akiambiwa aache mawazo.

Na gastriti yetu hii? Kwa miaka mingi madaktari wa dunia nzima walisema vidonda vya tumbo ni mawazo na pilipili. Huko Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall wakaona bakteria ndani ya tumbo la wagonjwa, Helicobacter pylori. Hawakuaminiwa. Mwaka 1984 Marshall akanywa bakteria hao mwenyewe, akaugua tumbo. Msimwige. Mwaka 2005 wakapewa tuzo ya Nobel. Leo vidonda vingi vya tumbo vinatibiwa kwa antibiotiki, na vingine vinatokana na dawa za maumivu tunazokunywa kama njugu. Msongo una sehemu yake, Selye hakuota ndoto, lakini kwanza pima. Pima, halafu zungumzeni habari za mawazo. Usianze na mawazo ukaishia hapo.

Basi tufanye nini? Siwezi kuwaahidi amani, sina mamlaka hayo. Ninachojua ni kwamba mwili unaweza kuaminishwa, kwa saa chache hata, kwamba hapa tulipo, sasa hivi, hatari imepumzika. Saa hizo chache zinatosha kwa matengenezo mengi.

La kwanza ni usingizi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2015, watu 164, matone ya virusi puani tena: waliolala chini ya saa 6 walikuwa na uwezekano wa kupata mafua zaidi ya mara 4 kuliko waliolala zaidi ya saa 7. Mtaniuliza, tutalala vipi na milio ya usiku? Laleni kwa zamu. Ninasema kweli. Familia nyingine hapa wanafanya hivyo: mmoja anasikiliza, wengine wanalala kabisa, kisha wanabadilishana. Bora saa nne za usingizi wa kweli kuliko saa nane za kusikiliza mlango. Na kasiksi, pombe ya ndizi, ya jioni inakuangusha, inakuamsha saa tisa usiku na moyo unadunda. Tembe za usingizi za kununua barabarani ni hivyohivyo, na hizo zinakufunga.

La pili ni watu. Cohen huyohuyo, mwaka 1997, watu 276: wenye uhusiano wa namna nyingi, nyumbani, kanisani, kazini, kwa majirani, hawakuugua mafua sana kama wengine. Sisi hilo tunalo bila kulipa. Likelemba si pesa peke yake. Kilio, pale tunapokaa usiku na mfiwa, kinafanya kazi ambayo hakuna tembe inayoifanya. Kwaya inafanya kazi, maana anayeimba anatoa pumzi ndefu, na pumzi ndefu ya kutoka inapunguza mwendo wa moyo. Jaribuni sasa: ingizeni hewa mkihesabu hadi nne, itoeni mkihesabu hadi sita. Tena. Tena. Ukumbi umenyamaza, mnausikia?

Na kama mnadhani kuzungumza ni maneno matupu, sikilizeni. Katika vijiji 16 vya Kivu wanawake waliopitia ukatili wa kijinsia na kubaki na mateso makubwa ya moyo waligawanywa mafungu mawili. Baadhi ya vijiji walipata msaada wa mtu mmoja mmoja. Vijiji vingine walikaa kwenye vikundi, wakiongozwa na wasaidizi wa jamii waliofundishwa, wala si madaktari, wakijifunza hatua kwa hatua kuyaangalia upya mawazo yanayowatesa, kwa mfano lile la "ni kosa langu". Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Miezi sita baada ya matibabu, katika fungu la msaada wa mmoja mmoja, 42 kwa kila 100 walikuwa bado na dalili nzito za huzuni au wasiwasi. Katika vikundi, 9. Tisa! Kivu, wanawake wetu, vijiji vyenye vita.

Wareko, kuna watu ambao kikundi hakitoshi kwao. Mtu asiyelala wiki mbili mfululizo, aliyeacha kula, anayesikia sauti, anayesema afadhali nife: huyo usimwombee tu ukamwacha nyumbani. Mlete kituoni, au mpeleke Tulizo Letu, kituo cha wagonjwa wa akili hapa mjini, na utembee naye mwenyewe hadi mlangoni, maana peke yake hatafika. Na mwenye dawa za tansio, sukari au virusi vya UKIMWI aendelee kuzimeza kila siku, hata akianza kulala vizuri.

Sasa maswali. Mama wa kitenge cha kijani amenyoosha mkono tangu kwenye habari ya maziwa, tuanze naye. Na wale wa deksa, si lazima muulize mbele ya watu. Tukimaliza nitakuwa nyuma ya ukumbi, karibu na matanki ya maji. Mje na boksi la tembe mkononi nisome kipimo.